Sakafu ya Chumba cha Akina Mama

Jumanne, 6 Agosti 1996
Afisa wa afya amekuja leo kukagua kiliniki yangu. Alipenda kitanda, dirisha, maji ya tangi. Halafu akainama. Simiti kati ya tailsi imejaa nyufa. Akasema damu itaingia humo na hakuna mtu ataweza kuitoa. Atarudi wiki ijayo. Sakafu ikiwa hivi, leseni hakuna.

Tangu nianze unesi naota nyumba ya kuzalishia akina mama hapa Sosiot. Nimestaafu, nyumba nimepata — na sasa nyufa!

Jumatano, 7 Agosti
Nimekwangua simiti ya zamani na kisu, nikajaza mpya. Magoti yanawaka. Aron, mume wangu, alichungulia mlangoni akauliza kama siku hizi manesi wanasomea ujenzi. Nilimrushia kitambaa. Imetoka safi kabisa. Nimefurahi vibaya.

Ijumaa, 9 Agosti
Imepasuka tena. Palepale. Aron anasema tung'oe tailsi zote, nizalishe watu juu ya mbao zilizo chini yake. Mbao hunyonya kila kitu.

Jumamosi, 10 Agosti
Nimejua! Nilikuwa nimekaa chini nakunywa uji, Aron akapita na ndoo ya maziwa. Sakafu ikashuka kidogo chini yangu, ikapanda tena. Simiti haina makosa. Ni nyumba inacheza. Imejengwa juu ya nguzo kwa sababu ya mteremko, na mtu alibandika tailsi juu ya mbao tu, akaenda zake.

Nikamwita Mochama, seremala jirani yetu. Tulitambaa chini ya nyumba na tochi — buibui, mavi ya kuku, rinda langu limekwisha. Boriti ya katikati inaning'inia. Mawe ya kuishikilia yamezama kwa udongo. Mochama akasema hapa ningejaza simiti mpaka Krismasi.

Jumatatu, 12 Agosti
Mochama ameongeza boriti na nguzo mpya. Mimi juu naruka, yeye chini anasikiliza.
"Ruka tena, Sista."
Mwanamke mzima na wajukuu, naruka kama mtoto wa nasari. Haikusogea. Aron akaja kuuliza kelele ni ya nini. Nikamwambia aruke pia. Akaweka kofia mezani, akaruka. Nimecheka mpaka machozi.

Jumanne, 13 Agosti
Kericho mjini nimepata dawa nyeupe kama maziwa, ya kuchanganya na simiti ili ikubali kusogea kidogo bila kupasuka. Mimi najaza, Aron anapanguza na sponji. Hakusema tena mambo ya kung'oa. Alipomaliza kona yake aliniita niione.

Mlango nimefunga. Hakuna kukanyaga.

Alhamisi, 15 Agosti
Afisa amefika asubuhi. Kabla hajaingia, lori la majani chai likasimama langoni. Dereva na mwenzake wakamshusha mama mmoja, Bilhah, mchuma chai. Uchungu umemshika akipanga foleni ya kupima majani. Hospitali ni mbali, na mvua ya jana imeharibu barabara.

Nikamwambia afisa ukweli: sina leseni.
"Najua," akasema.
Nilidhani atakataa. Halafu akainama, akavua viatu.

Nimempima Bilhah. Bado kidogo. Ni mtoto wake wa tatu, mapigo ya moyo wa mtoto ni mazuri. Maji yanachemka. Nimemwambia atembee, inasaidia, nami naandika haya hapa dirishani kwa sababu mikono inataka kazi. Nitanawa tena.

Afisa amemshika kiwiko. Wanaenda mpaka ukutani, wanarudi. Soksi yake moja ina tundu. Kila hatua anaangalia chini. Sijui anatafuta nyufa ama anaogopa kumkanyaga mama wa watu. Juu ya leseni hajasema neno.

Bilhah amesimama katikati ya chumba. Amemshika afisa shati kwa mikono miwili.

Anasema, Sista, sasa.