Tangazo Nililolikunja Nikaliweka Kwenye Faili

Mpendwa mshauri, shikamoo. Gazeti lenu nalisoma kwenye simu kila asubuhi kabla sijaingia kazini, na safu yako naianza kabla ya habari nyingine zote, kwa hiyo najua unavyowakemea watu. Naomba tu unisome mpaka mwisho ndipo unikemee.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, nafanya kazi ugenini, huu ni mwaka wa pili, karani katika ofisi ya ghala la mizigo. Kazi yangu ni kulinganisha karatasi na maboksi: karatasi ikisema arobaini na ghala likiwa na thelathini na tisa, mimi ndiye wa kwanza kukosa usingizi. Kutwa nasema lugha ya wenyeji kwa tahadhari, kama mtu aliyebeba beseni lililojaa maji, na jioni nikifungua mlango wa chumba changu hakuna hata mtu wa kuniuliza nimeshindaje. Sinywi pombe, sivuti sigara. Nalisema hili mapema kwa sababu balaa langu lote limetokana na pombe na sigara za watu wengine.

Kuna mama mmoja fundi cherehani, wa kwetu, tunamwita Shangazi ingawa si shangazi wa yeyote kati yetu. Ana chumba cha kazi mtaa wa tatu kutoka kwangu, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na dirisha linaloangalia barabara. Kila Jumamosi saa tisa alasiri anafunika cherehani zake kwa shuka, anasukuma meza ukutani, na watu wa kwetu tunaanza kuingia mmoja mmoja: Dereva akitoka kuosha basi la shule analoendesha, Nesi akitoka zamu na viatu vyake vyeupe mkononi, na wengine saba au wanane. Wanakunywa bia zao mbili tatu, wanacheza karata, muziki wa nyumbani unapigwa kwa sauti ya kiasi, na ikifika saa moja jioni kila mtu ameshaelekea kwake. Mimi nakaa na soda yangu nasikiliza. Sijui, mshauri, kama umewahi kukaa siku sita bila kusikia mtu akikwambia, "Hebu sogea huko, unanibana." Kwa masikio yangu mimi hakuna maneno matamu kuliko hayo. Tena Dereva anavuta sigara ile ile aliyokuwa akivuta marehemu baba, jioni, kwenye ngazi ya nyuma ya nyumba yetu, akiwa amevua viatu na mimi nimekaa ngazi ya chini yake nikisoma. Kwa hiyo mimi nisiyevuta huwa natafuta kiti kule upepo unakopeleka moshi.

Sasa sheria za hapa. Mkaguzi wa kwanza alikuja akasema sigara ndani ya chumba ni marufuku, vuteni mlangoni. Tukahamia mlangoni. Baada ya wiki chache akaja mwingine akasema mlangoni ni marufuku, lazima ziwe hatua kumi, na hatua kumi kutoka mlango wa Shangazi ni katikati ya barabara. Ng'ambo ya barabara kuna hoteli ambayo wageni wake wanavuta wameegemea viti, chini ya kibao kinachosema usivute. Duka la kona linauza bia mpaka saa mbili usiku, ila kuna siku haliuzi kabisa, na mwenye duka mwenyewe hazijui siku hizo mpaka apigiwe simu. Muziki wetu uliwahi kuzimwa saa kumi na mbili na nusu, na jioni hiyo hiyo baa ya jirani ilipiga wake mpaka pini za Shangazi zikawa zinacheza ndani ya kopo. Ukienda ofisini kwao kuuliza, dirisha la kwanza wanakwambia hiyo ni shughuli ya faragha, msijali. Dirisha la pili wanakwambia watu zaidi ya sita ni mkusanyiko. Kweli inachosha, unajiona kama mtoto aliyelelewa na walezi wawili wasiosemezana.

Kwa kuwa ninaisoma lugha yao vizuri kuliko wenzangu, kila karatasi inaletwa kwangu. Nimezipanga zote kwenye faili, kwa tarehe, na ndiyo sababu wameniita Serikali. Nikitokea tu, Dereva anapaza sauti, "Zimeni, zimeni, Serikali imeingia!"

"Serikali gani inakunywa soda?" Nesi anamjibu. "Mpeni kiti asije akatutungia sheria nyingine."

"Leo tunavutia wapi, mheshimiwa?"

"Hatua kumi," nasema.

"Basi niletee na mto, nilale huko huko barabarani."

Watu wanacheka, nami nacheka, na Jumapili nzima naishi kwa kicheko hicho.

Wiki tatu zilizopita, siku ya Jumatano, Shangazi alinipigia simu kazini akasema kuna tangazo limebandikwa mlangoni kwake na lina muhuri. Nikapita nilipotoka kazini. Alikuwa amelibandua, akanipa huku ana pini mdomoni. Nikalisoma mara mbili. Lilisema chumba cha kazi ambacho watu hukutana kunywa au kuvuta ni lazima kiwe na kibali. Mwenye chumba afike mwenyewe ofisini kwao ndani ya siku thelathini kujaza fomu. Aandike majina ya wanaofika mara kwa mara na mahali wanapofanya kazi. Mpaka kibali kitoke watu wasikutane. Na asipofika, leseni yake ya ushonaji itafikiriwa upya. Mshauri, leseni hiyo ndiyo inayomfanya akubaliwe kuishi hapa. Bila hiyo anafungasha.

Nikasimama pale na ile karatasi. Mkuu wangu wa ofisi alishatuambia kikaoni kwamba hataki kuona jina la mfanyakazi wake kwenye karatasi za mkaguzi yeyote, na mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Hilo liliniogopesha. Lakini nikisema kweli, kilichonikaba zaidi ni ile sentensi ya watu wasikutane. Nikaiona Jumamosi bila kile chumba.

"Wanasemaje?" Shangazi akauliza.

"Ni yale yale," nikasema. "Sigara nje."

"Na muhuri wa nini?"

"Siku hizi wanagonga muhuri kila kitu."

Akatoa pini mdomoni, akacheka. "Wewe ukisema tuko sawa, Serikali, mimi nalala." Halafu akanigeuza akanipima mabega, maana alikuwa ananitilia bitana mpya kwenye koti langu, akasema nimekonda, nile. Nami nikalikunja lile tangazo, nikaenda nalo nyumbani, nikaliweka kwenye faili, kwa tarehe.

Jumamosi tatu zimepita na zimebaki siku tisa. Koti limekwisha, linaning'inia nyuma ya mlango wangu, bitana yake laini kama nini, na siwezi kulivaa. Asubuhi natetemeka kituoni na sweta. Nimefikiria kwenda kuijaza fomu mwenyewe na kuiga sahihi yake, maana naijua. Nimefikiria kulibandika tena tangazo pale mlangoni kama vile limeletwa leo, na gundi nimeshanunua, lakini muhuri una tarehe. Nimefikiria pia kuacha kwenda kabisa. Nikimwambia, nitakikosa kile chumba pamoja na sauti zote zilizomo, na sijui nitasikiliza nini. Je, iko njia ya kulirekebisha jambo hili bila Shangazi kujua kuwa ni mimi?

Ni mimi, karani mnywa soda.

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeivusha foleni, kwa sababu siku tisa hazingoji zamu. Swali lako la mwisho nalijibu kwanza: haipo.

Sahihi yake usiiguse. Ukiiga sahihi ya mtu kwenye karatasi ya serikali ya watu, utakuwa umemtoa kwenye shimo ukamtumbukiza kisimani, na wewe juu yake. Gundi irudishe dukani, au tengenezea kiti kilichovunjika. Na huko kuacha kwenda ndiko kubaya kuliko yote. Utamwacha mwanamke ambaye analala usingizi kwa neno lako, siku ya thelathini imkute anapiga pasi suruali ya mteja.

Umenieleza sheria zao kwa kirefu, nami nakubali, zinachosha. Mtu hawezi kuvutia sigara katikati ya barabara. Lakini angalia ulichofanya: katika karatasi zote ulizopanga kwa tarehe, moja tu ilikuwa inaeleweka, imesema nani aende wapi na kwa siku ngapi, na hiyo ndiyo uliyoificha. Wakaguzi wale wawili waliwachanganya kwa sababu hawasikilizani. Wewe ulimchanganya Shangazi huku unajua. Usijifiche nyuma yao.

Nataka nikwambie jambo. Nilipokuwa msichana nilikaa ugenini miaka minne. Karibu na nilipopanga palikuwa na duka la kupigia simu, vibanda vitano vya mbao, na watu wa kwetu walikuwa wakienda pale siku za mapumziko kuongea na kwao. Mimi sikuwa na wa kumpigia. Nyumbani hapakuwa na simu. Nilikwenda nikakaa kwenye benchi kama ninayesubiri zamu, nikisikiliza watu wakiuliza mbuzi wamezaa wangapi. Kwa hiyo usidhani sikuelewi. Nakuelewa mpaka kwenye mifupa. Ila wale watu wa simu sikuwadanganya ili nibaki kwenye benchi.

Basi fanya hivi. Kesho omba ruhusa ya nusu siku, uende kwa Shangazi asubuhi akiwa kazini kwake. Usingoje Jumamosi, aibu hii ni ya watu wawili, usiipeleke mbele ya karata. Nenda na tangazo lenyewe. Usianze na marehemu baba yako, usianze na upweke, wala na mkuu wako wa ofisi. Sema, "Shangazi, tangazo hili nilikusomea uongo," kisha unyamaze. Atakachosema ni haki yake. Akimaliza, msomee neno kwa neno kuanzia juu mpaka kwenye muhuri, halafu mwende ofisini kwao siku hiyo hiyo. Aijaze yeye fomu, wewe umfasirie. Lile faili libebe, sasa limepata kazi: mwonyeshe ofisa karatasi za wakaguzi wote wawili, na majibu atakayotoa yaandikwe, yawe na jina lake chini. Na kwenye orodha ya wanaofika mara kwa mara, jina la kwanza liwe lako, na mahali pako pa kazi pasiachwe wazi.

Kuhusu mkuu wako, aliyoyasema kikaoni ni maneno ya kikaoni. Wewe unayewasomea wengine, mkataba wako umeusoma? Usome leo usiku. Halafu mweleze mwenyewe kwamba jina lako limeandikwa kwenye maombi ya kibali, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Siwezi kukuahidi kwamba hatakasirika, na mkataba usipoongezwa, itauma. Lakini utakuwa umeondoka wewe peke yako, na Shangazi atakuwa bado ana cherehani zake mbili.

Chumba kitafungwa kwa muda, ndiyo. Mwombe Nesi awakaribishe kwake, watu watano, chai tu. Chai haina mkaguzi.

Najua unachoogopa hasa, kwamba wakishajua, hawatakuita tena. Huenda ikawa hivyo kwa wiki kadhaa. Shangazi atakusema, Nesi atakusema, na Dereva atakutafutia jina baya kuliko Serikali. Kaa usikilize mpaka mwisho, usikatize. Watakuwa wanakusema kwa Kiswahili, mwanangu, na hicho ndicho umekikosa siku zote sita.

Na koti livae unapokwenda. Kuna baridi, na aliyelishona ana haki ya kukuona ndani yake unapomwambia.