Mguu Usiguse Chini

Jumanne, 15 Julai

Nimetembea tena kwenda shule. Siku ya nane. Dakika hamsini kwenda, hamsini kurudi. Soksi zimejaa vumbi. Mama anadhani nimeamua kufanya mazoezi. Sitapanda tena bodaboda ya Egesa.

Nikipita stejini kwao, wanapongojea abiria, wananiita Mwandishi. "Mwandishi! Leo umetuandika?" Nainamisha kichwa, napita. Naichukia shingo yangu kwa kuinama upesi hivyo.

Hili ni daftari jipya. Lile la zamani analo Egesa. Lilidondoka kwenye begi langu lenye zipu mbovu, yeye akaliokota. Badala ya kunirudishia, alilisoma kwa sauti mbele ya steji nzima. Hata muuza chapati aliacha kusukuma ili asikie. Alisoma ukurasa unaosema kwamba Baba hulia bafuni, akidhani maji yanaficha sauti.

Hakuongeza neno hata moja. Yote yalikuwa yangu.

Alhamisi, 17 Julai

Baba hasemi nami tangu habari zimfikie. Hajanigombeza. Hajaniuliza. Anakula, anashukuru, anachukua magongo yake, anatoka. Afadhali angenichapa.

Kila alicho nacho Egesa kilikuwa cha Baba. Alikuwa muosha magari, Baba akamchukua akamfundisha. Miaka ile harusi zote za Busia, mpaka Tororo ng'ambo ya mpaka, zilimtaka Baba na pikipiki lake kubwa, injini ya cc mia saba na hamsini. Tuliliita Ndovu. Kazi yake ilikuwa kutangulia mbele ya matarumbeta na maharusi kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gia ya kwanza, bila kuzima, bila kuweka mguu chini. Baba alizoea kusema kwamba kumkimbiza Ndovu ni rahisi, mtoto anaweza. Kumzuia ndiyo kazi.

Sasa Ndovu analala chini ya turubai. Egesa amejinunulia pikipiki kubwa la harusi, na yeye ndiye anayetangulia. Anawaambia watu Baba alianguka kwa sababu ya chang'aa.

Baba hanywi. Hajawahi.

Jumamosi, 19 Julai

Nitaandika jambo hili mara moja, nisirudie.

Siku ile Tororo nilikuwa nimesimama kando ya barabara. Baba anakuja, shati jeupe, utepe kwenye usukani, matarumbeta nyuma yake. Nilijaa fahari. Nikamwita. "Baba!" Mara moja tu. Akageuza macho. Ndovu akafuata macho, akaingia ukingoni mwa mtaro, akamlalia mguu. Alianguka polepole sana. Nilipata muda wa kuona kila kitu.

Baba hajawahi kumwambia mtu kwa nini aligeuka. Sijui kama alijua ni mimi. Nimekaa mwaka mzima sijui.

Niliandika haya kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lile. Egesa hajafika hapo, au amefika na anautunza.

Jumatano, 23 Julai

Nimekwenda stejini. Nilikuwa nimekariri sentensi tatu. Ikatoka moja.

"Nipe daftari langu."

Egesa alikuwa anakula. "Daftari gani, madam? Kile kitabu cha hadithi?" Wenzake wakacheka. Akajifuta mikono taratibu. Akasema Agosti kuna mbio za kobe kule Rubongi, upande wa Tororo. "Mwambie mzee alete Ndovu. Akinishinda, nakurudishia. Akishindwa, nasoma yaliyobaki, na kipaza sauti."

Mzee. Mwenye magongo mawili. Steji nzima ilikufa kwa kicheko.

Mbio za kobe ni hivi: mnaendesha kati ya mistari ya chokaa, wawili wawili, na anayechelewa kufika kuliko mwenzake ndiye mshindi. Mguu ukigusa chini, umetoka. Ukizima, umetoka. Ukikanyaga chokaa, umetoka. Mwaka jana Egesa ndiye aliyeshinda upande wa pikipiki kubwa.

Nikasema, "Nitaendesha mimi."

Walicheka zaidi. Sikuinamisha kichwa. Nataka aanguke. Nataka aanguke mbele ya watu wote, na nataka kumtazama usoni anapoanguka. Sina haja ya kitu kingine mwaka huu. Hata mtihani.

Ijumaa, 25 Julai

Singeweza kumwambia Baba kwa mdomo. Nilimwandikia barua, nikaiweka chini ya sahani yake. Kila kitu, isipokuwa ukurasa wa mwisho. Alisoma. Akamaliza ugali. Akashukuru. Akatoka.

Nikasikia turubai likivutwa.

Jumapili, 27 Julai

Tumerudi kutoka kanisani, nikavaa suruali ya Mjomba Ouma. Baba amepanga magunzi ya mahindi kwenye uwanja nyuma ya nyumba, mistari miwili, hatua thelathini. Kila gunzi ninalokanyaga ni kosa. Yeye kakaa kwenye kigoda.

Leo nimezima Ndovu mara kumi na tisa. Nimeanguka mara nne. Bomba la moshi limeniunguza shavu la mguu. Ndovu ananishinda uzito mara tano. Baba alinionyesha kwa gongo jinsi ya kumwinua: mgeuzie mgongo, chuchumaa, sukuma kwa miguu. Hakuja kunisaidia. Hawezi.

Maneno yake yote leo yalikuwa mawili. "Uso juu."

Ni ya kwanza kuniambia tangu mwanzoni mwa mwezi.

Alhamisi, 31 Julai

Magunzi kumi na moja.

Naanza kuelewa. Klachi isiachiwe yote. Ishikwe pale inapoanza kung'ata tu. Mafuta kidogo, mkono usitetemeke. Mguu wa kulia uegemee breki ya nyuma. Breki ya mbele isiguswe kabisa. Injini inataka kwenda, breki haitaki, na wewe unakaa katikati ya ugomvi wao. Nimekaa hivyo maisha yangu yote. Labda ndiyo maana naweza.

Jumatatu, 4 Agosti

Shule imefungwa. Naendesha asubuhi na jioni.

Bado nilikuwa natazama gurudumu la mbele. Baba akaweka beseni jekundu la Mama mwisho wa mistari. "Tazama hilo. Macho yanapokwenda, yeye anakwenda."

Alilisema kwa sauti ya kawaida. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu mpaka uso ukapoa.

Baadaye nilichukua mkaa nikachora sura ya Egesa kwenye beseni, na meno yake yenye mwanya. Nikalielekea moja kwa moja, nikaligonga, likaruka mpaka kwa kuku. Nilicheka peke yangu. Nilipotoka kunywa maji nikamkuta Baba ameinama juu ya magongo, anasugua ule mkaa kwa majivu. Akalirudisha beseni mahali pake, safi.

Jumamosi, 9 Agosti

Leo pikipiki la Egesa lilikuwa limeegeshwa nyuma ya hoteli ya chai, peke yake. Nilikuwa na spana namba kumi ya Baba mfukoni. Kulegeza waya wa klachi ni kazi ya nusu dakika. Nilisimama pale. Nilihesabu mpaka hamsini.

Sikulegeza. Si kwamba mimi ni mwema. Nataka aanguke pikipiki likiwa zima, asipate cha kusingizia.

Alhamisi, 14 Agosti

Magunzi sifuri. Mara tatu mfululizo. Baba alitikisa kichwa kama mtu aliyeonja mchuzi akaukubali.

Nalala na ile sura ya Egesa akianguka. Mdomo wazi, macho yametoka. Naijua kuliko sura yangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimerudi. Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Mjomba Ouma ndiye aliyemwendesha Ndovu mpaka Rubongi, maana sina leseni. Mimi na Baba tulipanda gari. Baba alibeba beseni jekundu kwapani. Pale mpakani afisa akamwuliza la nini. Baba akajibu, "La kuogea."

Uwanja ulijaa. Mwamuzi, mwanamume mnene wa Tororo mwenye filimbi na Kiswahili cha kuokoteza, aliniangalia kuanzia chini. "Wewe msichana, nani nakuleta hapa? Hii pikipiki nakula wewe!" Baba akasema ni yangu. Mwamuzi akachoka kubishana. "Haya. Mguu kwa chini, nakwenda nyumbani."

Pikipiki kubwa zilikuwa nne tu. Kwanza nilipangwa na mzee mmoja wa Molo. Alizima nusu ya njia, akanipigia saluti. Egesa naye akamtoa mwenzake bila kutoa jasho.

Kisha sisi wawili. Baba akaweka beseni ng'ambo ya mstari wa mwisho, akaketi kando yake. Egesa alikuwa na daftari langu kifuani, ndani ya jaketi. Aliliacha lichungulie makusudi.

Filimbi. Klachi, breki, mafuta. Beseni.

Hatua kumi hivi, sote tumelingana. Akaanza kunong'ona. Alikuwa ameukariri ukurasa wangu. "Baba hulia bafuni..." Neno kwa neno, na sauti ya kubana kama ya msichana. Nilitamani kumgeukia kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Shingo iliniuma kwa kujizuia. Beseni.

Hatua ya ishirini. Akapiga kelele, uwanja wote ukasikia:

"Baba!"

Mara moja tu. Kama mimi siku ile. Kumbe alikuwa amefika ukurasa wa mwisho.

Nilihisi Ndovu akitaka kuyumba. Nikabana breki. Beseni. Lilikuwa jekundu mpaka likaniuma macho. Sikugeuka.

Nikasikia buti likigonga ardhi, na watu wakilipuka, na mwamuzi, "Mguu! Mguu kwa chini! Wewe nakwenda nyumbani!" Mjomba ameniambia baadaye: Egesa aligeuka kunitazama kama ninalia. Pikipiki lake likafuata macho, akatupa mguu asikanyage chokaa.

Mimi nilikuwa bado ndani ya mistari. Nilivuka taratibu. Nilipogeuka, Egesa alikuwa amenipa mgongo, anasukuma pikipiki lake kutoka uwanjani. Mwamuzi ndiye aliyenipa daftari; Egesa alikuwa amemwachia.

Wiki tatu na zaidi nimeusubiri uso wake. Sikuuona.

Jumapili, 17 Agosti

Jana kabla ya chakula nililifungua daftari la zamani kwenye ukurasa wa mwisho, nikaliweka chini ya sahani ya Baba. Singeweza kwa mdomo.

Leo asubuhi nimelikuta juu ya kitanda changu, limefungwa. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna alama ya kidole gumba, ya grisi.

Mchana tulikuwa nyuma ya nyumba, Baba anapaka mnyororo wa Ndovu mafuta. Bado namchukia Egesa. Sikutaka siku ipite hivihivi, basi nikauliza. "Baba, alikuwa na sura gani? Alipoweka mguu chini."

Akafikiri kidogo.

"Sikumwona," akasema. "Nilikuwa nakutazama wewe."

Akaomba kitambaa. Nikampa.