Jina Nililomwekea Binti Yangu

Jumatatu, 5 Juni 2017
Uji, mkate, kuhesabiwa. Baridi ya Johannesburg imeingia hadi kwenye meno. Hakimu alinipa miaka kumi na tano kwa wizi wa ile spaza, kiduka cha mtaani, kule Diepsloot. Bunduki niliishika mimi. Sina la kubisha.

Mke wangu Furaha amejifungua msichana. Jumamosi anamleta. Kwetu Bukavu baba ndiye anayempa mtoto jina, akiwa amempakata. Furaha amewakataza watu wa kanisani wasimwite chochote hadi nimshike. Jina ninalo. Siliandiki hapa kabla mwenyewe hajalisikia.

Jumanne, 6 Juni
Gereza limejaa, watu wanahamishwa. Wanapelekwa kusini kabisa, pwani, safari ya kutwa kwa basi. Furaha anasuka nywele mjini, nauli ya huko ataitoa wapi? Naogopa. Jeshini sikuwahi kuogopa hivi.

Jumatano, 7 Juni
Mjinga mimi.

Askari jela aliingia, akauliza kwa sauti ya gwaride: nani humu amewahi kuwa mwanajeshi? Nikasimama wima, mikono ubavuni, nikataja cheo na kikosi. Hata sikufikiri. Jeshi la Kongo lilinifunza hivyo, mkubwa akiuliza unajibu. Tena nilidhani wanatafuta msimamizi wa jikoni. Kwetu koplo hakosi kazi. Wenzangu kimya, na wawili kati yao najua wamebeba silaha kunishinda. Rajabu wa Tanga, anayelala kitanda cha chini yangu, alinivuta suruali nikiwa nimekwisha sema.

"Sasa bwana, nani kakutuma?"

Kumbe wanajeshi ndio wanaoondolewa kwanza. Wanaogopwa.

Alhamisi, 8 Juni
Nimo kwenye orodha. Tunaondoka kesho asubuhi. Nilimwomba mkubwa wa zamu anibakize hadi Jumamosi ipite, nimshike mtoto, basi. Akasema gari halimsubiri mtoto wa mtu. Nimemchukia. Mimi mwenyewe nimejichukia zaidi. Chakula kimenishinda.

Ijumaa, 9 Juni
Pingu miguuni. Basi lilisimama kwenye roboti ya Braamfontein, taa za barabarani zikiwa nyekundu, mbele ya jengo la wanafunzi nililokuwa nikililinda. Mlinzi mpya alikuwa anapiga miayo. Nililia hapo. Aliyekaa pembeni yangu akageukia dirishani.

Jumapili, 18 Juni
Leo zamu yangu ya simu. Furaha alikwenda Jumamosi ile na mtoto mgongoni, akaambiwa sipo. Hakujua nimepelekwa wapi. Wamama wa kanisani walimwambia inatosha.

"Mutoto hawezi kukaa bila jina, papa. Usikasirike."

Pasta amempakata, amemwita Riziki. Nikasema ni jina zuri. Lile langu sikulitaja, lingemuumiza bure. Nilimsikia mtoto akipiga chafya, kisha simu ikakatika.

Jioni maharage. Upepo wa huku hautulii. Riziki. Nimelisema mara chache kwa sauti ndogo, nilizoee.