Mama Mudogo, Walikuandika Una Nyumba

Mama mudogo wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira na sitaificha. Umenijua hivyo tangu siku ile dada yako, mama yangu, alipokufa, ukanifunga mgongoni na kusema huyu sasa ni wangu. Juzi watu wa ule utafiti wa kampi wamenipigia simu tena. Wanataka nirudi kuuliza wanawake maswali. Nilishika telefone nikakuona wewe, umekaa juu ya kidumu cha njano mbele ya bashi letu, kile kibanda cha turubai pale kampi ya Lac Vert, unachambua majani ya sombe, unaniangalia kwa jicho lile.

Unakumbuka walivyokuja? Walitafuta wanawake waliowahi kulala nje, ili sisi wenyewe tuwaulize wenzetu. Utafiti huu ni wenu, walisema, nyinyi ndio munajua. Nilichaguliwa kwa sababu nilimaliza sekondari, na kwa sababu tulipokimbia vita tulilala wiki nzima kwenye baraza ya shule pale Sake, mimi na wewe chini ya kitenge kimoja. Wakanivisha jile lao, kizibao chenye mifuko mingi. Ulicheka mpaka ukashika kiuno. "Sasa umekuwa mukubwa wa kampi," ukasema. "Nisalimie wakubwa wenzako."

Nilijivuna kidogo, sikatai.

Siku tatu tulikaa kutunga maswali. Jioni ya kwanza nilikuuliza wewe ungependa uulizwe nini. Hukufikiri hata kidogo. Wiki ile mutu aliyetoka kwetu Masisi alikuwa amekuambia kwamba wenye bunduki wameingia kwako na wanalala ndani. Ukasema, "Muulize mwanamke hivi: ni nani analala mu nyumba yako? Mengine yote yatakuja yenyewe."

Kesho yake nililipeleka swali lako. Wanawake wote waliitika, mmoja akaanza kulia. Mkuu wa utafiti, yule muzee wa sauti ya upole, aliliandika ubaoni vizuri kabisa, kisha akalipiga mstari. Alisema hilo ni la siasa, sisi tunatafuta mahitaji tu. Mahali pake akaweka: Una nyumba? Ndiyo au hapana.

Nikaja kukuuliza na wewe, kwa sababu safu yetu ya mabashi nilipewa mimi kuiuliza. Una nyumba, mama? Uliweka sombe chini.

"Niko nayo."

"Mama mudogo, sema hapana. Wanaandika watu wa kupewa mabashi mapya."

"Nyumba yangu ni ya mbao na mabati, iko kule juu ya mulima. Muzee wangu nilimuzika nyuma yake, kati ya migomba. Nikisema sina nyumba, yeye nimemuacha kwa nani? Andika vile nimesema, usiandike uongo."

Ningekubishia vipi? Kwetu mjane aliyemzika mume wake nyuma ya nyumba hatamki maneno "sina nyumba", hata nyumba iwe imebaki kuta. Akiyatamka, amewapa nyumba hiyo wale walioichukua, na marehemu pamoja nayo. Nilijua hivyo tangu utoto. Wajane wa safu yetu karibu wote walijibu kama wewe, wengine kwa ukali zaidi. Na mimi, kwenye telefone waliyonipa ya kazi, nikabonyeza Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo. Sikuwa na wasiwasi sana, maana walituahidi kwamba kabla ya kufunga kazi wangeturudishia majibu tuyasome pamoja, tuseme wapi hayakueleweka.

Walirudi na karatasi ya majibu iliyokwisha kufungwa, haibadiliki tena. Tulikaa chini ya hema lao, tukapewa soda, yule mkuu akasoma kwamba wajane wengi wa kampi wana makazi, kwa hiyo mabashi yataenda kwa wengine. Nilisimama. Nikamweleza kila kitu: mume, migomba, wenye bunduki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. Halafu akasema, "Sisi tunaheshimu majibu ya wanawake wenyewe."

Heshima gani hiyo, mama? Heshima ya kuchukua neno la mjane na kulitumia kumnyima bashi? Swali lenu walilifuta, jibu lenu wakalishika kwa mikono miwili. Na wanasema ni utafiti wetu.

Wewe ulibaki chini ya bashi lililopasuka. Mvua ilikuwa inatukuta mahali pote, nikawa naziba kwa mifuko ya plastiki, unaniambia niache, nitachoka bure. Kikohozi kikaanza. Hukumaliza msimu ule. Nimekuzika hapa Goma, kwenye mawe ya volkano yaliyovunja jembe la watu, mbali na muzee wako. Hilo ndilo linanichemsha damu kila nikiamka. Nawakasirikia wao, na ninajikasirikia mimi, kwa sababu kidole kilichobonyeza kilikuwa changu.

Baadaye kampi ilibomolewa. Unajua waliobomoa waliwaambia nini wajane wenzako? Murudi kwenye nyumba zenu.

Basi juzi, waliponipigia, niliwaambia nitakuja kama swali la kwanza litakuwa lile lako, na kama wanawake watayasoma majibu kabla hayajafungwa. "Tutaangalia," akasema yule muzee wa sauti ya upole. Nikamwambia angalieni bila mimi, nikakata.

Usidhani nimekaa tu. Wanawake wa safu yetu tumetafutana, mmoja huku, mwingine kule, karibu wote tumepatikana. Tumenunua daftari moja la shule. Hatuna jile wala hema. Kila Jumamosi tunakutana uani kwa mmoja wetu, tunaulizana swali moja tu, na kila mwanamke anasomewa jibu lake mpaka aseme, ndiyo, ndivyo nilivyosema. Daftari likijaa tutalipeleka wenyewe, na tutalisoma kwa sauti kwa yeyote atakayefungua mlango.

Pumzika sasa, mama mudogo. Ukurasa wa kwanza nimekuachia wewe, na kwa kuwa huwezi kuja kusomewa, nakusomea hapa. Ni nani analala mu nyumba yako? Jibu lako nimeliandika hivi: Ndani, wenye bunduki. Nyuma, kati ya migomba, muzee wangu. Mimi, niko hapa Goma chini ya mawe, nangoja kurudishwa kwake.

Mimi,
mutoto wa dada yako, uliyemfunga mgongoni