Panya wa Ndoo ya Mchele na Makopo Matatu ya Shangazi

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nisamehe kama karatasi hii ina vumbi jeupe, ni la mchele, na utanielewa ukifika katikati. Naomba unisaidie kabla mwezi huu haujaisha, kwa sababu mwisho wa mwezi natakiwa kusimama mbele za watu na kusema jambo ambalo silijui kama ni kweli.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, naishi Mkuza hapa Kibaha na shangazi yangu Hajira, dada yake baba, ambaye alinichukua kwa bibi yangu Kisarawe ili nisome shule yenye maabara, na ananitunza vizuri, hilo naomba ulisome kwanza kabla ya mengine yote. Tatizo langu ni kwamba tangu mwaka huu uanze moyo wangu unakwenda mbio mwalimu akigawa karatasi za mtihani, mikono inatoka jasho mpaka karatasi inalowa, na siku nyingine naamka sina hamu na chochote, naingia chooni nalia bila kujua nalilia nini, kisha nanawa uso natoka kama mtu aliyekwenda haja ya kawaida. Kitu pekee kinachonituliza ni kutafuna mchele. Sisemi wali, nasema mchele mbichi, ule mkavu unaolia kwenye meno, nikiutafuna kichwani panakuwa kimya, na sasa siwezi kutoka nyumbani bila kujaza mfuko wa sketi. Mfuko wenyewe umetoboka. Wiki iliyopita kuku wa jirani walinifuata kutoka getini mpaka barabarani wakidonoa nyuma yangu, na mwalimu wetu wa Biolojia, Mwalimu Bundala, aliyekuwa anapita akaniuliza, "Binti, wewe ni mwanafunzi au mfugaji?" Rafiki yangu Recho alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa shangazi anauza virutubisho vya makopo. Zamani alikuwa na fremu ya vitenge pale Kwa Mathias, lakini tangu ajiunge na kampuni inayovitengeneza vitenge vimekaa pembeni, makopo ndiyo yako mbele, na jioni huenda Zegereni kuwauzia akina dada wanaotoka viwandani. Siku aliyonikuta nalia hakunigombeza, alinikumbatia akasema, "Mwanangu, wewe huna ugonjwa, una upungufu," akanifungulia makopo matatu, la kijani la utulivu, la njano la furaha na la zambarau la kukata hamu ya kulakula ovyo. Nikameza, na ninaendelea kumeza, kwa sababu kweli natamani yafanye kazi, natamani sana, nataka siku moja nikae kwenye mtihani kama mtu anayeshona nguo yake mwenyewe.

Kilichobadilika mpaka sasa ni mkojo. Samahani kwa neno hilo, lakini tulifundishwa kwamba mambo ya mwili yatajwe kwa majina yake. Umekuwa wa njano kali ya kung'aa, na Recho aliponifuata chooni akasema, "Shosti, huo usiumwage, tupake ukuta wa darasa." Nilipomwambia shangazi alifurahi, akapiga makofi. "Sumu inatoka hiyo!" Nikamuuliza sumu hiyo niliila lini, akasema watoto wa siku hizi tuna maswali kama mahakimu. Naye mwenyewe anameza la furaha kuliko mimi, na juzi baada ya kumeza aligombana na muuza maji mpaka majirani wakatoka nje.

Mwalimu Bundala alitufundisha kwamba katika jaribio la kweli unabadilisha kitu kimoja tu, vingine unaviacha kama vilivyo. Mimi nameza makopo matatu na bado natafuna mchele, kwa hiyo nikitulia sijui ni kopo gani au ni mchele. Siku mchele ulipokwisha nyumbani nilimeza vyote vitatu kama kawaida na bado nilitetemeka mpaka saa ya kwenda nyumbani, kwa hiyo nashuku ni mchele. Shangazi hajui. Yeye anajua kwamba mchele unapungua, ameona ni panya, na ameweka mtego kando ya ndoo. "Panya wa nyumba hii hawana hata haya," anasema, "wanakula kavu bila mboga." Mshauri, mtego ule nusura unikate kidole.

Shida kubwa ni hii. Mwisho wa mwezi shangazi anatandika jamvi nyumbani kwa bibi Kisarawe, atapika pilau, ataalika wanawake wa mtaani na atawaonyesha makopo. Mimi nitatoa ushuhuda. Ananifanyisha mazoezi mbele ya kabati la kioo, nasema, "Nilikuwa nalia ovyo, sasa nacheka," naye anasema, "Cheka basi!" nikicheka anasema, "Siyo hivyo, hicho kicheko cha fisi, utanifukuzia wateja." Ningeweza kuvumilia hata hilo. Lakini bibi yangu, Bi Mwanahalima, ana presha, na anameza vidonge vya hospitali kila asubuhi. Nilipompigia simu akaniambia, kwa sababu mimi na yeye hutaniana kama wake wawili wa babu, "Mke mwenzangu, Hajira ni mwanangu lakini yeye anauza. Wewe huuzi. Wewe ukisimama ukaniambia makopo yanafanya kazi, hivi vya hospitali navitupa chooni, maana vinanikojoza kutwa kama bomba bovu."

Nimekosa la kufanya. Nikisema yananisaidia, bibi ataacha dawa kwa sababu yangu. Nikisema hayanisaidii, nitamwaibisha shangazi mbele ya mama yake mzazi na majirani waliomwona akikua, na yeye ndiye anayenisomesha kwa moyo mweupe na makopo hayo anayaamini, hadanganyi mtu kwa makusudi. Je, nisimame niseme nini? Na je, mimi ni mgonjwa, au ni mlafi tu wa mchele?

Ni mimi,
Mwenye mfuko uliotoboka, Mkuza.


BI KIDAWA ANAJIBU

Mwenye mfuko, marahaba. Kwanza tema huo mchele, maana najua umeandika barua nzima ukitafuna. Haya. Sasa tunaweza kuongea.

Wewe si mlafi. Mlafi hula pilau. Mtu anayeacha wali wenye nazi akaenda kuguguna mchele mkavu kwenye ndoo, huku mtego wa panya unamtazama, huyo mwili wake unaomba kitu na umekosea namna ya kuomba. Hamu ya mchele mbichi, udongo, mkaa au barafu mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma katika damu, na msichana anayepata hedhi kila mwezi yuko karibu sana na upungufu huo. Damu ikipungua, moyo huweza kwenda mbio na mtu akachoka na kununa bila sababu. Sijasema ndivyo ulivyo, mimi sina darubini hapa mezani. Nasema kapime. Nenda kituo cha afya, waambie wakupime wingi wa damu, taja mchele bila aibu kama ulivyoutaja mkojo kwangu, na uyabebe makopo yote matatu wasome yaliyoandikwa. Mpaka wakujibu, yaache yapumzike kabatini.

Ajabu ni kwamba shangazi yako alisema neno moja la kweli: upungufu. Njia aliiona, mlango ndio aliokosea. Wakikukuta na damu pungufu watakupa vidonge vya chuma, ambavyo navyo ni virutubisho, tofauti ni kwamba hao watakuwa wamepima kwanza. Na huo mkojo wa kung'aa si sumu inayotoka. Mara nyingi ni vitamini ambazo mwili umeshiba, ukasema asante, ukazisindikiza mlangoni. Shangazi anapaka choo rangi kwa bei ya juu. Kuhusu furaha ya kopo, mwulize muuza maji.

Lakini usidhani damu ikipanda kila kitu kitaisha. Hofu ya mtihani ni kitu cha peke yake, na kulia chooni nako vilevile. Umetolewa kwa bibi anayekuita mke mwenza, ukaletwa kwenye nyumba ya kushuhudia. Ningekuwa mimi ningelia mpaka uani. Mweleze Mwalimu Bundala, anaonekana ana macho, au mwalimu wa malezi, na mweleze pia daktari atakayekupima. Na ikitokea siku moja moyo ukakwambia ni heri usingekuwepo, usinitumie barua, gazeti halikimbii. Mshike mtu mzima mkono siku hiyohiyo umwambie.

Sasa shangazi. Huyu anaambiwa ndani, haambiwi jamvini. Leo jioni akimaliza kula, kabla hujaogopa, mwambie hivi: "Shangazi, panya ni mimi." Atapiga kelele. Mwache apige, mtu aliyetegea panya akamnasa binti wa kaka yake ana haki ya kelele kidogo. Akishatulia mwambie unataka kupimwa, na umwombe akupeleke yeye mwenyewe. Mwanamke aliyekukumbatia ulipolia hatakataa. Wala usimwambie anauza uongo. Mwambie huwezi kushuhudia usichokijua, halafu mpe habari ya bibi na vidonge, neno kwa neno, pamoja na hilo bomba bovu. Hajira anaweza kupenda makopo kuliko vitenge, lakini hapendi makopo kuliko mama yake.

Na bibi? Mwanangu, una silaha mkononi na unatafuta fimbo porini. Shangazi hataniwi. Bibi anataniwa, na kwenye utani mjukuu anaruhusiwa kusema ambalo hata daktari angelisema kwa kujikuna kichwa. Usingoje jamvi. Mpigie simu kesho, na umwambie kwa sauti ileile mnayochekeana: "Mke mwenzangu, umeanza ujanja, unataka kuacha dawa ufe mapema uniachie babu peke yangu? Mimi sina nguvu ya kumkunia nazi kila siku. Meza vidonge vyako, usinikimbie ndoa." Atakutukana matusi mazuri. Ukisikia anacheka, hapohapo acha utani na umwambie polepole: makopo sijui kama yananisaidia, bibi, na wewe usiache dawa kwa ajili yangu. Kama kukojoa kunamchosha, amweleze daktari wake, huenda akambadilishia dawa au saa ya kumeza. Na asichanganye kopo lolote na dawa ya presha kabla hajauliza, hata likiwa na picha ya ua.

Ukishafanya hayo, jamvi litandikwe tu na pilau ipikwe, sina ugomvi na pilau. Wakikuita usimame, simama. Sema jina lako, sema, "Nilikuwa natafuna mchele mbichi kwa siri, shangazi yangu akanipeleka kupima damu," kisha keti. Hapo hujamwaibisha mtu, umemsifu shangazi kwa jambo alilolifanya kweli. Watakucheka kidogo. Wewe tulia ule. Baadaye utaona mwanamke anakufuata nyuma ya nyumba, anajifanya anatafuta maji ya kunawa, halafu anafungua pindo la khanga na kukuonyesha kipande cha udongo alichokificha hapo tangu asubuhi. Nyuma yake atakuja mwingine. Hao ndio waliokuwa wakikungoja siku zote, na hakuna kopo lililowajua.

Sindano na uzi bila shaka viko kwenye droo ya shangazi, chini ya vitenge. Ushone huo mfuko kabla ya safari. Kuku wa Kisarawe hawana adabu kama wa Mkuza.

Bi Kidawa