Hita ya Pili

Baba Rukia,

Salamu nakupa kwa sababu ni haki yako, si kwa sababu hasira zimeniisha. Hazijaniisha. Mimi na mwanao tu wazima, na hilo nalitanguliza kwa sababu ndilo lililonishikisha kalamu. Tumekuwa wazima tangu siku uliyoondoka. Zamani nilidhani najua sababu. Sasa naijua hasa.

Wakumbuka tulivyokutana? Ulikuja Fordsburg, hapa Joburg, kutafuta viatu vya kazi, mimi nimekaa nje ya duka la vitambaa, nampaka hina bibi harusi wa Kihindi. Ulipoisikia lafudhi yangu ukasimama ukacheka, ukasema, "Huyu wa Tanga. Mwenye akili zake akimbie." Mtoto wa Temeke, kuchokoza ndiyo kazi. Nikakujibu kwamba ukikimbia utarudi mwenyewe, tena kwa miguu. Ule utani wa watu wa Tanga na ndumba zao tumekua nao, haumuumizi mtu. Hata siku ya harusi yetu pale Mayfair jamaa zako waliurudia mpaka shehe akatabasamu. Na mimi nilicheka. Nilikupenda, bwana, mbona nifiche.

Halafu ukaja ule msimu wa baridi ambao umeme ulikuwa ukikatwa kila jioni. Rukia alikuwa akilala na soksi na koti. Ukarudi na gari la Kibwana, rafiki yako wa kuuza simu, mkashusha hita mbili za gesi, mpya, zina magurudumu chini na mtungi unakaa nyuma. Ulikuwa na furaha ya mtu aliyejenga nyumba. Moja ukaiweka sebuleni, moja chumbani kwetu. Ukaiwasha, ukanyoosha mikono, ukaniambia, "Mke wangu, baridi ya Joburg tumeiweza." Nakuona mpaka leo umechuchumaa pale mbele ya moto, uso umekuwa mwekundu, unamwita Rukia aje akae mapajani.

Maradhi hayakukawia. Tulikuwa tukiamka vichwa vinagonga, mimi natapika, wewe miguu haina nguvu, mtoto shuleni analala juu ya dawati. Nilidhani nina mimba, ukafurahi, kumbe hakuna. Zahanati walinipa vidonge vya kichwa. Kisha akafa paka wetu, yule wa madoadoa aliyekuwa habanduki mbele ya hita. Tulimkuta asubuhi amelala vilevile alivyojikunja, hana jeraha wala povu. Nilipomnyanyua alikuwa mgumu. Hapo ndipo ulipoanza kuniangalia vingine.

Ulianza kuhesabu hesabu zako kimyakimya. Wiki ya zamu ya usiku, ukilinda ghala lako huko nje kwenye upepo, ulikuwa mzima kabisa. Ukibadilishiwa zamu ukalala na mimi, unaamka mgonjwa. Ukienda kulala kwa Kibwana, mtaa wa Observatory, mzima. Ukirudi kwangu, mgonjwa. Baba Rukia, nikikaa nikiitazama hesabu ile kwa macho yako, wallahi hata mimi naiona inavyoniangukia. Ukasema huu ni mkono wa mtu. Na mtu mwenyewe ndani ya nyumba alikuwa mmoja tu aliyetoka Tanga.

Ukamleta yule mganga wa Yeoville na kanzu yake isiyofuliwa. Alisema kuna kitu kinaingia usiku kupitia penye upenyo. Akatuamrisha tufunge madirisha yote, tuzibe chini ya milango kwa vitambaa, tufukize ubani na hita iwake mpaka asubuhi kwa sababu hicho kitu hakipendi moto. Nilizichana kanga zangu mwenyewe, zile za harusi, nikaziba kila tundu. Wewe unazisukuma kwa kisu, mimi nakushikia taa. Tukalala humo, sote watatu chumba kimoja. Asubuhi ile Rukia tulimwamsha kwa maji, na akafungua macho baada ya kumtoa uani. Mganga akasema paka na mtoto wote walitakiwa kufa badala yako, mmoja amekubali na mmoja amekataa.

Ulipoondoka hukunitukana, na hilo nalisema mbele ya watu. Ulinipa talaka yangu mkononi, ukachukua nguo, blanketi la kijivu na hita ya chumbani. Nilikushikia mlango. Ukaniambia bila kuniangalia, "Mimi nakupenda, Mama Rukia. Ila sitaki kufa."

Tangu hapo vichwa vikapona. Gesi sikuimudu peke yangu, kwa hiyo ile hita ya sebuleni niliitoa nje barazani, nikaipandishia sufuria la mrehani juu. Baridi ilipozidi tulijifunika mablanketi. Nikawa mzima, Rukia akanenepa, nikasema moyoni, kumbe mwenye nuksi alikuwa yeye. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nimekosea kama ulivyokosea wewe.

Mwezi huu Rukia, ambaye siku hizi Kiswahili anakisikia tu na kunijibu kwa Kizulu, alinionyesha picha kwenye simu. Hita yetu, rangi ileile, magurudumu yaleyale. Watu wengi walionunua hita za namna ile wameungana wakaishtaki kampuni iliyoziagiza, kesi moja kwa niaba ya wote, na kampuni imekubali kulipa. Kila aliyenunua ana haki ya kudai. Nikasema eish, hata kama ni randi za mkate, nitakwenda.

Nilikwenda ofisi ya mawakili mjini nimejifunga ushungi wangu wa sikukuu. Nilikuwa na risiti yako, na Rukia amenipigia picha kile kibati cha namba nyuma ya hita. Kituo cha polisi walishanigongea muhuri kwenye kiapo. Karani alikuwa dada wa Kisotho, mpole, anauliza mmojammoja na kuandika. Je, mliumwa kichwa asubuhi? Ndiyo. Mlitapika? Ndiyo. Mkitoka nje mnapata nafuu? Mnyama wa nyumbani alikufa? Nikamuuliza nani amemwambia habari za nyumba yangu. Akaniambia hakuna aliyemwambia, ndivyo wanavyosema wote. Moto wa hita zile hauwaki vizuri, unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi, na ukifunga madirisha inajaa chumbani. Mtu analala haamki. Niliinama nikalia pale kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu. Sikulilia ugonjwa, nililia jina langu.

Akangoja nikatulia. Kisha akaitazama risiti, akasema imeandikwa hita mbili na mimi nimeleta picha ya moja. Ya pili iko wapi? Nikamjibu kwamba aliyekuwa mume wangu ameondoka nayo. Karani akaweka kalamu chini. Akasema, "Mama, toka nje umpigie sasa hivi. Hayo mengine tutamalizia baadaye."

Baba Rukia, nitakupigia wapi? Namba uliibadilisha. Anayo Kibwana peke yake, naye umemlisha kiapo asimpe mtu wala asitaje mji, isipokuwa kwamba uko kusini huko kwenye baridi kuliko hii. Nilikwenda dukani kwake mbio, nikavuka kwenye robot, zile taa za barabarani, bila kuangalia. Nilimweleza yote, nikamwonyesha karatasi. Akakupigia nimesimama nje kama mwombaji. Aliporudi hakuniangalia usoni. Ulikuwa umemjibu kwamba unajua, mganga alikutahadharisha kwamba siku moja nitakutumia maneno matamu ili uuzime moto, na moto ukizimika ndipo kitu kitaingia. Rukia akakurekodia sauti yake, maskini, kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, anakwambia baba zima hita. Ukajibu kwamba nimemtia mtoto maneno mdomoni. Rukia aliyasikia, maana Kibwana hakuwahi kupunguza sauti. Hajala na mimi mezani tangu siku hiyo.

Nilirudi kwa karani. Akanijazia dai la hita ya kwanza, akagonga muhuri. La ya pili akasema ataliacha wazi mpaka muda wa kudai uishe. Nikamuuliza kwa nini aliache wazi. Akaanza kupanga karatasi zake. Nilikuwa nimekwisha kuona kwamba malipo yako ya aina tatu, ya walionunua hita, ya walioumwa, na ya wale ambao hawakuamka.

Jana baada ya sala ya Ijumaa Kibwana alinifuata mwenyewe mpaka barazani. Ana uso wa mtu aliyefiwa. Akasema mmeanza kuumwa. Wewe kichwa, na mkeo mpya analala kutwa, asubuhi anatapika, mmefurahi mkidhani ni mimba. Baridi ya huko imeleta theluji. Umesema nimekufuata. Na umemwambia kwamba usiku wa leo, Jumamosi, mtaziba tena madirisha na milango, hita iwake mpaka kukuche, kama tulivyofanya ule usiku. Alipofika hapo Kibwana akaniuliza Rukia yuko wapi, kwa sababu naye alikumbuka tulivyomwamsha kwa maji.

Sikulala. Niliwaza kukutumia daktari, shehe, karani mwenyewe. Wote utasema ni mimi nimewatuma. Ukweli umeshakujia mara mbili na mara mbili umeufungia mlango. Basi leo asubuhi nilikwenda dukani kwa Kibwana. Duka limejaa, mama mmoja ninayejua sura yake yupo pale, bintiye nilikuwa nimpake hina wiki ijayo. Nikaichukua simu yake, nikabonyeza kurekodi, nikaongea kwa sauti yangu hii hii.

Nilisema, "Baba Rukia, ni kweli. Ni mimi. Uchawi wangu niliutia ndani ya hita, haumo penginepo. Moto ndio unaoulisha. Izime sasa hivi, itoe nje, itupe mbali, fungua madirisha yote mpaka nyumba iwe baridi, na mke wako mtoe uani. Ukifanya hivyo nimekwisha, sina tena la kukufanya."

Yule mama akakusanya mfuko wake akatoka, na nyuma yake wakatoka wengine. Harusi hiyo imekwenda, na nyingine zitaifuata, kwani nani atampa mchawi mikono ya binti yake? Kibwana alinishika bega, mtu ambaye miaka hii yote hajawahi kunigusa hata kidole. Nilipofika nyumbani Rukia alikuwa ameshasikia. Aliniuliza kwa Kiswahili, neno kwa neno, "Mama, kwa nini umesema uongo?" Nikamwambia baba yako ukweli hausikii.

Barua hii naiandika wazi ili siku hita itakapokuwa nje uisome, na waliokuwa dukani waisome, nirudishiwe jina langu. Sijali ukinirudishia mwaka gani. Uniite mchawi mpaka uzeeni, uwasimulie wanao wa kusini jinsi ulivyoniponyoka, mradi uwe na pumzi ya kusimulia.

Sasa ni alasiri. Kibwana ameniachia simu yake, iko hapa mkekani. Ujumbe niliutuma saa tatu asubuhi, na mpaka sasa una tiki moja tu, haujakufikia.

Wako wa zamani,
Mama Rukia