Uzi Mweusi wa Mama Kioko

Rongai, 2008

Mjukuu wangu Wambui,

Nakusalimu huko ng'ambo. Sisi tulisharudi nyumbani baada ya zile vurugu za uchaguzi, na mahindi yameota.

Unauliza kama kuna ubaya kuiga vyondo vya mtu uliyemwona akiuza kwenye intaneti, nawe uuze vyako hapo hapo. Nikiwa msichana nilisuka kikapu nikiiga kiondo cha jirani yetu, Mama Kioko, mpaka ule uzi mmoja mweusi karibu na mdomo. Nikakipeleka sokoni. Mama Kioko alikishika, akaugusa ule uzi, akasema polepole, “Huu huwa nauweka kwa sababu ya binti yangu niliyemzika. Wewe umezika nani?”

Mwandikie huyo muuzaji kwanza, umwombe ruhusa. Mimi sikuomba.

Shosho wako